Lawes: Tajiri wa mbolea aliyeacha ushahidi wa udongo chupani

KATIKA ghala moja mjini Harpenden, kaskazini mwa London, kuna maelfu ya chupa na mikebe iliyopangwa rafu baada ya rafu. Ndani yake mna udongo uliokaushwa, punje za ngano, mabua yake na nyasi. Sampuli hizo zimepita 300,000 na ukusanyaji wake ulianza mwaka wa 1843. Mtaalamu anayetaka kujua iwapo shamba linalolimwa mwaka nenda mwaka rudi huhifadhi kaboni ardhini au huirudisha angani, aghalabu hulazimika kurejelea chupa hizo.

Aliyeanzisha akiba hiyo ni John Bennet Lawes, mwenye ardhi wa Uingereza aliyefariki mnamo 1900. Wengi humkumbuka kama mtu aliyefungua mojawapo ya viwanda vya kwanza vya mbolea duniani. Fauka ya hayo, alitumia sehemu kubwa ya faida ya mbolea hiyo kuichunguza mbolea yenyewe, pasipo kujali iwapo matokeo yangemfurahisha mnunuzi au yangemuudhi. Kutokana na uamuzi huo, leo inawezekana kueleza kwa takwimu hali ya udongo uliotiwa samadi, uliotiwa mbolea ya viwandani na ule ambao haukutiwa chochote kwa zaidi ya miaka 180.

Malezi na masomo

Lawes alizaliwa Desemba 28, 1814, katika jumba la Rothamsted, eneo la Hertfordshire. Baba yake, aliyekuwa na jina hilo hilo, alifariki mwaka wa 1822 na kumwachia kijana huyo urithi wa ardhi pamoja na madeni ya kawaida ya familia za aina hiyo. Mama yake, Marianne, ndiye aliyemlea na kuusimamia urithi huo hadi mwanawe alipokomaa.

Alisomea Eton, kisha chuo cha Brasenose katika Chuo Kikuu cha Oxford. Masomo ya wakati huo yalisisitiza lugha za kale za Wagiriki na Warumi, mambo ambayo hayakumvutia sana. Aliondoka Oxford bila shahada. Mnamo 1834 alirejea Rothamsted kushika usimamizi wa mashamba.

Kilichomvutia ni kemia. Aligeuza mojawapo ya vyumba vya kulala vya jumba lao kuwa maabara, akanunua mizani na vyombo vya kuchemshia, na kuanza kujifunza namna ya kutengeneza dawa. Shambani alipanda mimea ya dawa, ukiwemo mpopi unaotoa afyuni. Majirani waliomwona kijana wa tabaka lake akichafua mikono kwa kemikali walidhani ni mchezo ambao angeuchoka karibuni. Haukuwa mchezo.

Kitendawili cha mifupa

Zama hizo wakulima wa Uingereza walikuwa wakisaga mifupa ya wanyama na kuitawanya mashambani. Katika mashamba fulani, turnipi za kulishia mifugo zilinawiri ajabu. Kwingineko mifupa hiyo haikuleta tofauti yoyote, kana kwamba mkulima ametawanya mchanga. Jirani mmoja, Lord Dacre, alimdokezea Lawes kitendawili hicho, na kijana huyo akaamua kukitegua.

Baada ya majaribio kwenye vyungu na kisha shambani, Lawes alibaini kwamba mifupa ikitiwa asidi ya salfuriki hugeuka kuwa mbolea inayoyeyuka kwa urahisi majini. Fosforasi iliyokuwa imefungika ndani ya mfupa hupata kufikiwa na mizizi, hata katika udongo ambao mifupa mikavu haikufaa kitu. Zao hilo liliitwa supafosfeti.

Mnamo Mei 23, 1842, Lawes alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake. Hakuwa peke yake katika wazo hilo. Mwanakemia mashuhuri wa Ujerumani, Justus von Liebig, alikuwa ametaja katika kitabu chake cha 1840 kwamba mifupa inaweza kutiwa asidi. Daktari wa Ireland, James Murray, naye alipewa hataza yake wakati uo huo, na baadaye Lawes akainunua. Zilifuata kesi kadhaa mahakamani dhidi ya watengenezaji wengine, kesi zilizomgharimu muda na fedha. Hata hivyo, hataza ya Lawes ilikuwa na jambo lililozidi mifupa: ilihusu pia mawe yenye fosfeti. Mifupa ina kikomo chake, ilhali mawe ya aina hiyo yangechimbwa kwa wingi. Mbolea za fosfeti zinazouzwa madukani leo hutokana na mawe hayo.

Desemba 1842 alifunga ndoa na Caroline Fountaine, mwanamke wa familia yenye ardhi kutoka Norfolk na aliyekuwa hodari wa kuchora. Inasimuliwa kwamba badala ya kwenda fungate ng'ambo, maharusi hao walipanda mashua na kuzunguka mto Thames wakitafuta kiwanja cha kujenga kiwanda. Kiwanda hicho kilianza kazi mwaka wa 1843 huko Deptford, na mnamo 1857 kingine kikubwa zaidi kikajengwa karibu na Barking. Mwungwana kufanya biashara ya mbolea lilikuwa jambo la kuinamisha uso katika jamii ya watu wa hadhi yake. Lawes aliyavumilia masengenyo hayo, na fedha zikaingia.

Ushirika wa miaka 57

Juni 1843, Lawes alimwajiri mwanakemia kijana kwa jina Joseph Henry Gilbert. Gilbert alizaliwa Hull mwaka wa 1817. Alipoteza jicho moja katika ajali ya bunduki akiwa mwanafunzi, lakini hakukubali ulemavu huo uwe kizuizi. Alikuwa amesomea Ujerumani katika maabara ya Liebig mwenyewe na kupata shahada ya uzamifu.

Watu hao wawili walitofautiana kama mvua na jua. Lawes alikuwa mtu wa shambani, mwepesi wa kubuni na mwenye kupenda jibu la haraka. Gilbert alipima, akapima tena, kisha akaandika. Asingekubali tarakimu moja ipotee. Walifanya kazi pamoja kwa miaka 57, mpaka kifo kilipowatenganisha. Ni nadra kupata katika historia ya sayansi ushirika uliodumu muda mrefu kiasi hicho.

Katika vuli ya 1843 walipanda ngano katika shamba liitwalo Broadbalk. Waliligawa katika vipande virefu. Kimoja hakikutiwa chochote. Kingine kilitiwa samadi ya zizini, kiasi cha tani 35 kwa hekta kila mwaka. Vingine vilitiwa madini kama fosforasi na potasiamu, vingine chumvi za amonia zenye naitrojeni, na vingine mchanganyiko wa hayo yote. Mwaka uliofuata walipanda tena ngano, na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Zoezi hilo halijakoma hadi leo, ingawa tangu 1968 sehemu za shamba hilo zimekuwa zikibadilishiwa mazao na sehemu nyingine zikaachwa kwa ngano pekee.

Shayiri ilifuata katika shamba la Hoosfield mwaka wa 1852, na nyasi za kukata katika Park Grass mwaka wa 1856. Kila mavuno yalipimwa, na sampuli zake zikahifadhiwa. Udongo nao ulichimbwa kwa vipimo maalumu, ukakaushwa na kutiwa kwenye chupa zilizofungwa barabara.

Mzozo na Liebig

Matokeo ya kwanza ya Broadbalk yalizua mzozo mkubwa. Liebig alishikilia kwamba mimea hupata naitrojeni ya kutosha kutoka hewani, na kwamba jukumu la mkulima ni kurudisha madini tu ardhini. Mnamo 1845 mbolea ya madini iliyotengenezwa kwa ushauri wake iliuzwa Uingereza, nayo ikawavunja moyo wakulima.

Katika Broadbalk, ngano iliyopewa madini pekee haikuipita kwa mbali ile isiyopewa chochote. Iliyoongezewa chumvi za amonia ilipanda maradufu na zaidi. Lawes na Gilbert wakatangaza kwamba nafaka huhitaji naitrojeni kutoka ardhini, na kwamba Liebig amekosea. Bingwa huyo wa Ujerumani alijibu kwa ukali, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Ilikuwa adha kubwa kwa Gilbert kubishana hadharani na mwalimu wake.

Yafaa kukumbuka kwamba bidhaa ya Lawes mwenyewe ilikuwa fosfeti, mojawapo ya madini hayo. Kutangaza kwamba madini peke yake hayatoshi kwa ngano hakukuwa tangazo zuri la biashara. Alilitoa hata hivyo, na wakulima wakajifunza kumwamini. Mnamo 1855 walichanga fedha na kumjengea maabara mpya kama zawadi. Mwaka uliotangulia alikuwa amechaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, taasisi kuu ya wanasayansi Uingereza. Mnamo 1867 yeye na Gilbert walituzwa Medali ya Kifalme kwa pamoja.

Vibarua wake nao hawakusahauliwa. Aliwagawia vipande vidogo vya ardhi vya kulima mboga na akawajengea ukumbi wa kukutania. Mwandishi Charles Dickens alivutiwa na mpango huo, akauandikia makala mnamo 1859.

Alipokosea

Si kila jambo alilolishikilia Lawes lilisimama. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1850 yeye, Gilbert na Mmarekani Evan Pugh walifanya jaribio la kutafuta iwapo maharagwe na jamii yake huvuta naitrojeni kutoka hewani. Walichoma udongo kwanza ili kuondoa uchafu wote, kisha wakapanda. Mimea ilidhoofika. Wakahitimisha kwamba haina uwezo huo.

Ilipofika 1886, Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Kwa kuuchoma udongo, watafiti wa Rothamsted walikuwa wamewaua wafanyakazi wenyewe. Lawes na Gilbert, wote wakiwa wazee, walirudia majaribio upya na kukubali matokeo hayo.

Aidha, waliangalia mbali na Uingereza. Mnamo 1885 walichapisha uchunguzi kuhusu udongo wa mbuga za Manitoba, nchini Kanada, uliokuwa ukilimwa ngano kwa mara ya kwanza. Waligundua kwamba utajiri wake ulitokana na naitrojeni iliyolimbikizwa na nyasi kwa karne nyingi. Naitrojeni hiyo hukaa ndani ya mboji, ikifungamana na kaboni kwa uwiano wa takriban sehemu moja kwa kumi. Mkulima anayevuna naitrojeni ya kale pasipo kuirudisha huichoma kaboni hiyo pia, ijapokuwa haoni moshi.

Urithi

Lawes aliuza biashara yake ya mbolea mnamo 1872. Mnamo 1882 Malkia Victoria alimpa cheo cha baronet. Mnamo 1889 aliweka wakfu pauni 100,000, maabara yake na mashamba ya majaribio chini ya wadhamini, ili utafiti usikome atakapoondoka duniani. Mwaka wa 1893, majaribio yalipotimiza miaka 50, jiwe kubwa la granaiti lilisimamishwa mbele ya maabara na Gilbert akapewa cheo cha Sir.

Mnamo 1882 alifanya jambo lililowashangaza watu. Alizungushia ua kipande kidogo mwishoni mwa Broadbalk na kuagiza ngano iliyosimama isivunwe wala ardhi isilimwe tena. Alitaka kuona iwapo ngano inaweza kujimudu bila mkulima. Katika muda wa miaka minne hivi, magugu yalikuwa yameilemea, na miche michache iliyosalia ilikuwa imedumaa. Kisha vichaka vikaota, na hatimaye miti mikubwa. Sehemu ya kipande hicho ingali msitu hadi sasa.

Lawes aliaga dunia Agosti 31, 1900, akiwa na umri wa miaka 85. Gilbert alimfuata Desemba 1901. Hakuna kati yao aliyekuwa akifikiria mabadiliko ya tabianchi walipojaza chupa zao. Walitaka kujua chakula cha ngano. Swali la kaboni liliwafikia warithi wao.

Chupa zinaposema

Mmea huvuta gesi ya kaboni kutoka hewani na kujenga majani, shina na mizizi. Sehemu inayobaki shambani, pamoja na samadi inayoletwa na mkulima, huliwa na viumbe vidogo vya udongoni. Vikila, hupumua, na kaboni nyingi hurudi angani. Sehemu ndogo hugeuka mboji na kujificha ndani ya chembechembe za udongo wa mfinyanzi, ambako inaweza kukaa miaka mingi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza kila siku. Shamba huwa na kaboni nyingi pale tu kinachoingia kinapolingana na kinachooza au kukizidi.

Chupa za Broadbalk zinaonyesha hesabu hiyo waziwazi. Kipande ambacho hakijatiwa chochote tangu 1843 kina kaboni chini kidogo ya asilimia moja katika udongo wa juu, na kimekaa hivyo kwa muda mrefu. Kilichotiwa mbolea kamili ya viwandani kina kaboni zaidi kidogo, kwa kuwa ngano iliyoshiba huacha mizizi na mabua mengi. Kilichotiwa samadi kila mwaka kimepata zaidi ya mara mbili ya kaboni ya hicho kisichotiwa kitu.

Hapo ndipo penye funzo lililojificha kwa zaidi ya karne moja. Katika uhai wa Lawes na miaka mingi baadaye, mavuno ya mbolea kamili ya viwandani na yale ya samadi yalikaribiana sana. Aliyetazama magunia pekee angesema kwamba samadi haina faida ya ziada, na wakulima wengi wa Ulaya na Marekani walifikia uamuzi huo, wakatenganisha ufugaji na kilimo cha nafaka. Aliyetazama chupa angeona kwamba udongo wa vipande hivyo viwili ulikuwa ukielekea njia tofauti. Tofauti hiyo ilijitokeza katika mavuno pia baada ya aina mpya za nafaka zenye uwezo mkubwa kuanza kupandwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi mavuno ya juu kabisa aghalabu hutoka pale samadi na mbolea ya naitrojeni zinapotumiwa pamoja.

Hoosfield ina ushahidi mwingine. Kipande kimoja cha shayiri kilitiwa samadi kuanzia 1852 hadi 1871, kisha kikaachwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, udongo wake ulikuwa bado una kaboni na naitrojeni kuliko kipande jirani ambacho hakikuwahi kuonja samadi. Kazi ya miaka 20 iliwafaa wajukuu na vitukuu. Kinyume chake kilishuhudiwa katika shamba la Highfield, Rothamsted, ambako ardhi ya nyasi za kale ililimwa na kuachwa tupu tangu 1959. Zaidi ya nusu ya kaboni yake imepotea.

Msitu mdogo wa 1882 nao ulitoa jibu ambalo Lawes hakuliuliza. Udongo wake umelimbikiza kaboni kwa wingi, na miti iliyo juu yake imelimbikiza zaidi.

Mnamo 1977 mwanasayansi wa Rothamsted, David Jenkinson, pamoja na mwenzake J. H. Rayner, walitumia takwimu za chupa hizo kutunga kielelezo cha kihesabu kinachokadiria kasi ya kaboni kuingia na kutoka udongoni. Kielelezo hicho, kilichokuja kuitwa RothC, hutumiwa katika nchi nyingi kupima akiba ya kaboni mashambani.

Mipaka ya ahadi

Katika mkutano wa tabianchi uliofanyika Paris mwaka wa 2015, Ufaransa ilizindua mpango wa kuongeza kaboni ya udongo kwa sehemu nne katika kila elfu moja kwa mwaka. Wataalamu wa Rothamsted walirudi kwenye majaribio yao ya muda mrefu, na mnamo 2018 wakatoa tahadhari. Kasi hiyo inawezekana katika mashamba fulani, hasa miaka ya mwanzo, lakini baadaye ongezeko hupungua hadi udongo unapofikia kiwango chake kipya. Isitoshe, tani 35 za samadi kwa hekta ni kiasi ambacho wakulima wengi hawana. Samadi iliyohamishwa kutoka shamba moja hadi jingine hulitajirisha hili na kulifukarisha lile. Kurudisha mabua ya ngano shambani kunasaidia, ila katika Broadbalk ongezeko lililopatikana ni dogo.

Mbolea ya viwandani ina madhara yake pia. Mwaka wa 1849 Lawes alizika mifereji chini ya kila kipande cha Broadbalk, na maji yaliyotoka humo yalipopimwa miaka ya 1860, yalibainika kubeba naitrojeni iliyokusudiwa ngano. Katika Park Grass, chumvi za amonia ziliufanya udongo kuwa na asidi kali na kuua aina nyingi za mimea, isipokuwa ulipotiwa chokaa. Mimea iliposhindwa kutumia naitrojeni yote, sehemu nyingine huondoka kama gesi ya naitrasi oksaidi, inayoongeza joto duniani mara nyingi kuliko gesi ya kaboni, kilo kwa kilo. Kwa hivyo kaboni iliyohifadhiwa kwa msaada wa mbolea inaweza kufutwa na gesi hiyo pamoja na nishati iliyotumika kiwandani.

Kutoka Harpenden hadi Kabete

Mbinu ya Lawes ilifika Kenya pia. Mwaka wa 1976, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kabete, viungani mwa Nairobi, lilianzishwa jaribio la muda mrefu kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi. Mahindi hupandwa wakati wa mvua za masika na maharagwe wakati wa vuli. Vipande vyake hutofautiana kwa mbolea ya viwandani, samadi na mabua ya mahindi yanayorudishwa shambani, kila kimoja peke yake au kwa pamoja.

Udongo uliopimwa baada ya miaka 18 ulionyesha kwamba kaboni ilikuwa imepungua katika vipande vyote tangu jaribio lilipoanza. Upungufu ulikuwa mdogo zaidi pale mbolea, samadi na mabua vilipotumiwa kwa pamoja. Joto la nchi za tropiki huwapa viumbe wa udongoni kazi mwaka mzima, wala hakuna majira ya baridi kali ya kuwapumzisha kama huko Harpenden. Akiba ambayo Uingereza huikuza kwa shida, nyanda za juu za Kenya hujitahidi tu isiporomoke.

Kwa mkulima mwenye ekari moja na ng'ombe wawili, uamuzi huo hufanywa kila baada ya mavuno. Mabua yaleyale hutakiwa na ng'ombe, na jiko, na jirani anayetaka kuyanunua, na udongo. Yakiliwa na ng'ombe na samadi ikarudi shambani kabla ya mvua kuilowesha na jua kuikausha, sehemu ya kaboni huokolewa. Yakichomwa, yote hupaa. Mbolea ya dukani humpa mahindi makubwa na mabua mengi zaidi, lakini haiwezi kushika nafasi ya kile ambacho hakikurudishwa.

Lawes hakuwahi kuandika kanuni ya kaboni, wala hakuahidi kwamba kilimo kingeliokoa anga. Alichofanya ni kuacha vipande vya ardhi vitoe jibu lao wenyewe, akalipia gharama ya kulisubiri, na akahakikisha kwamba wadhamini hawataligeuza jibu hilo likija baada ya kifo chake. Majibu makuu zaidi ya Broadbalk yalipatikana akiwa kaburini zaidi ya nusu karne. Jaribio la Kabete, lililoanzishwa 1976, bado ni changa kwa kipimo hicho, na thamani ya kila mwaka unaoongezwa juu yake itategemea iwapo Wakenya nao watakuwa na subira ya kulilinda.